Maswali ya Wasomaji: Nani Anaweza Kumwondoa Mkuu wa Serikali?

Barua za mara hii zimehusu misingi ya demokrasia na mifumo ya serikali. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha bila kugeuza maana.

Shuleni tunafundishwa kwamba demokrasia ilianzia Athens. Mbona wanawake na watumwa hawakuwa na sauti? Na watu walichaguanaje bila vyama wala kampeni?

Upungufu huo ni wa kweli na hauna haja ya kufunikwa. Raia mwenye haki ya kuamua alikuwa mwanamume mtu mzima, na tangu sheria ya mwaka 451 KK ilibidi baba na mama yake wote wawe wenyeji wa Athens. Wanawake, watumwa na wahamiaji walibaki nje, na kwa pamoja walikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani. Mji ule unasomwa hadi leo kwa sababu ya namna wale waliokuwa ndani walivyogawana madaraka.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Neno "kura" tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile ya kuchomoa kijiti, bahati ikaamua. Athens waliijua kura hiyo hasa. Baada ya mageuzi ya Cleisthenes, kiongozi wa Athens, ya mwaka 508 KK, raia waligawanywa katika makabila 10, na kila kabila likatoa watu 50 wa kuingia katika Baraza la watu 500. Walipatikana kwa bahati nasibu, walihudumu mwaka mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia zaidi ya mara mbili maishani. Mwenyekiti wa Baraza naye alipatikana hivyohivyo. Alishika muhuri wa mji na funguo za hazina kwa usiku mmoja na mchana wake, kisha hakurudi tena kwenye kiti hicho. Kazi ya Baraza ilikuwa kuandaa ajenda. Uamuzi ulikuwa wa mkutano wa raia wote, uliofikia kukaa mara 40 kwa mwaka, na baadhi ya mambo hayakupita bila akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji, ya watu 6,000.

Kuchagua kwa kunyoosha mikono kulibakizwa kwa kazi zilizohitaji ujuzi, hasa majenerali 10 wa jeshi. Aristotle aliandika kwamba bahati nasibu ni desturi ya demokrasia na uchaguzi ni desturi ya utawala wa wachache. Sababu yake haijachakaa: uchaguzi humbeba mwenye jina, mali na ulimi mtamu.

Jambo tunaloliona kubwa kuliko yote ni lile la mwisho wa muhula. Kila mwenye wadhifa alikaguliwa hesabu na mwenendo wake alipomaliza, raia yeyote aliweza kumshtaki, na kabla ya hesabu kukubaliwa hakuruhusiwa kutoka nje ya nchi.

Jamhuri na demokrasia ni kitu kimoja?

Hapana. Jamhuri ni nchi ambayo mkuu wake hakurithi kiti. Demokrasia ni nchi ambayo wananchi wanaweza kuiondoa serikali kwa kura na kuweka nyingine. Uingereza, Uswidi na Japani zina wafalme na ni demokrasia. Umoja wa Kisovyeti ulijiita muungano wa jamhuri, na kwa miongo mingi mpiga kura alikuta jina moja tu kwenye karatasi.

Kitabu cha uraia kinasema mihimili mitatu ya dola isiingiliane. Lakini rais anasaini miswada, bunge linathibitisha majaji, na mahakama inafuta sheria. Huko si kuingiliana?

Ni kuingiliana, na kumewekwa makusudi. Sentensi ya kitabu ndiyo iliyorahisishwa kupita kiasi. Montesquieu, mwanafikra wa Kifaransa, mwaka 1748 alionya kwamba mtu mmoja au chombo kimoja kikitunga sheria, kikazitekeleza na kuhukumu kwazo, uhuru umekwisha. Hakusema vyombo visigusane. James Madison, alipoitetea katiba mpya ya Marekani mwaka 1788, alilazimika kulifafanua jambo hilohilo. Kinachokatazwa ni mhimili mmoja kumeza madaraka yote ya mwingine. Kugusana kwa kiasi kunahitajika, kwa sababu mpaka uliochorwa kwenye karatasi tu haumzuii mwenye jeshi wala mwenye hazina.

Fuata safari ya mswada wa Marekani uone. Unapita Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435, kisha Seneti yenye 100. Rais anapewa siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akisaini, ni sheria. Akinyamaza hadi siku ziishe na Bunge bado linakaa, ni sheria vilevile. Akiurudisha na sababu zake, kila baraza linaweza kumpita kwa theluthi mbili. Kila hatua ina njia ya kuzuia na njia ya kukipita kizuizi, na hii ya pili ndiyo waandishi wa katiba huisahau. Rais mwenye kura ya turufu, yaani nguvu ya kuzuia mswada, isiyopitika amekuwa bunge zima peke yake.

Mahali mpango huu unapovunjika ni kwenye vyama. Hesabu ya Madison ilimtegemea mbunge anayeona wivu kwa heshima ya bunge lake. Chama kimoja kikishika bunge na ikulu, mbunge huanza kumlinda mwenzake wa chama, na maneno mazuri ya katiba hubaki pale pale yakiwa hayana wa kuyatumia. Dawa iliyoonyesha kufaa ni ya kikanuni tu: kumpa mpinzani kiti chenye meno. Katika Bunge la Uingereza, kamati inayokagua hesabu za serikali huongozwa na mbunge wa upinzani, na huwaita maofisa wakuu wa wizara waeleze fedha zilikokwenda.

Nchi nyingine zina rais mtendaji, nyingine waziri mkuu, nyingine wote wawili. Tofauti ya kweli ni ipi, na upi ni bora?

Usianze na vyeo. Fungua katiba utafute mambo matatu: nani anaweza kumwondoa mkuu wa serikali, kwa kura ngapi, na kwa sababu gani. Majibu hayo yatakwambia uko katika mfumo upi hata kama majina yamebadilishwa.

Katika mfumo wa kibunge, wabunge wanaweza kumwondoa waziri mkuu kwa wingi wa kawaida, na sababu haihitajiki zaidi ya kwamba hawana imani naye tena. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan wa Uingereza ilishindwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja, na nchi ikaenda kwenye uchaguzi.

Katika mfumo wa urais, mkuu wa serikali amepewa muda maalumu na wananchi, na bunge haliwezi kumtoa kwa kutompenda. Lazima kuwe na kosa. Marekani, Baraza la Wawakilishi humshtaki kwa wingi wa kawaida, kisha Seneti humhukumu kwa theluthi mbili. Mwaka 1868 maseneta 35 walimwona Andrew Johnson ana hatia, na waliohitajika walikuwa 36. Kura moja tena, ila hii ikamwokoa. Hakuna rais wa nchi ile aliyewahi kutolewa kwa njia hiyo. Richard Nixon alijiuzulu mwaka 1974 kabla Baraza halijapiga kura.

Kila mfumo una ugonjwa wake, na unatoka papo hapo kwenye kanuni ya kuondoa. Urais huwa mgumu: serikali ikishindwa kazi mwaka wa kwanza, mtaishi nayo hadi muhula uishe, na rais na bunge wakivutana kila mmoja anasema ametumwa na wananchi, naye hadanganyi. Mfumo wa kibunge huwa mwepesi mno. Ujerumani ya miaka ya 1919 hadi 1933 iliona maadui wa pande mbili, wasioweza kukubaliana juu ya lolote, wakiungana siku moja kuangusha serikali na kesho yake wakashindwa kuunda nyingine.

Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 ililitibu hilo kwa kifungu cha 67, ambacho kwa maoni yetu ni miongoni mwa vifungu vilivyotungwa vizuri kuliko vyote. Bunge haliwezi kumtoa kansela, yaani mkuu wa serikali, ila kwa kumchagua mrithi wake katika kura hiyohiyo, kwa wingi wa wabunge wote, si wa waliohudhuria tu. Mwaka 1972 wapinzani wa kansela Willy Brandt walipata kura 247 wakati walihitaji 249, akabaki. Mwaka 1982 wapinzani wa kansela Helmut Schmidt walifaulu, na Helmut Kohl akawa kansela siku ileile. Hakuna saa hata moja ambayo nchi ilikosa serikali.

Mfumo wa tatu ni ule wa Ufaransa tangu mwaka 1958: rais mwenye nguvu, ambaye tangu mabadiliko ya mwaka 1962 huchaguliwa na wananchi wote, pamoja na waziri mkuu ambaye bunge linaweza kumwangusha. Rais akiwa na wingi bungeni, ndiye mwenye nchi. Akiukosa, hulazimika kumteua mpinzani wake. Ilitokea mara tatu: 1986 hadi 1988, 1993 hadi 1995, na 1997 hadi 2002. Muhula wa rais ulipopunguzwa kutoka miaka 7 hadi 5 na uchaguzi wa wabunge ukapangwa kufuata wa rais, mgongano wa namna hiyo ukawa nadra.

Umeuliza upi ni bora. Kwa jamii yenye makundi mengi yanayoogopana, sisi tunaegemea mfumo wa kibunge wenye sharti la Kijerumani. Baraza la mawaziri linaweza kugawanywa kati ya vyama vitatu. Kiti cha urais hakigawanyiki, kwa hiyo uchaguzi wake huwa wa kufa na kupona.

Chama kinawezaje kupata theluthi moja ya kura kikachukua karibu theluthi mbili ya viti? Na huo "uwiano" unahesabiwaje?

Ilitokea Uingereza mwaka 2024: chama cha Labour kilipata takriban asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Si wizi, ni kanuni. Nchi imekatwa katika majimbo 650, na katika kila moja mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda hata kama hajafikia nusu. Jimboni kukiwa na 40, 35 na 25 kwa mia, wa kwanza anachukua kiti na zile 60 za wengine hazipeleki mtu bungeni. Rudia hivyo katika majimbo mia kadhaa na pengo linakua.

Uwiano hufanya kinyume. Jimbo linakuwa kubwa, lina viti kadhaa, na vyama hugawana. Njia inayotumika sana ni ya Victor D'Hondt, Mbelgiji, ya mwaka 1878. Chukua viti 6 na kura 100,000: chama A 48,000, B 34,000, C 11,500 na D 6,500. Gawanya kura za kila chama kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kuendelea, kisha toa viti kwa namba kubwa kuliko zote, moja baada ya nyingine.

Kiti cha kwanza ni cha A (48,000). Cha pili B (34,000). Cha tatu A (48,000 kwa 2, yaani 24,000). Cha nne B (17,000). Cha tano A (16,000). Cha sita kinagombewa na A yenye 12,000, C yenye 11,500 na B yenye 11,333, na A anakichukua. Matokeo: A viti 4, B viti 2, C na D hawana kitu.

Sasa badili vigawanyo tu: badala ya 1, 2, 3 tumia 1, 3, 5, 7. Hiyo ni njia ya André Sainte-Laguë, Mfaransa, ya mwaka 1910. A ana 48,000, kisha 16,000, kisha 9,600. B ana 34,000, kisha 11,333. Panga upya: A, B, A, C, B, A. Matokeo: A viti 3, B viti 2, C kiti 1. Kura ni zilezile na viti ni vilevile, ila C ameingia bungeni na A amepoteza wingi wake. Kwa hiyo katiba ikisema tu kwamba "uchaguzi utafuata uwiano", haijasema kitu bado. Dai uandikwe aina ya vigawanyo, idadi ya viti kwa kila jimbo, na kiwango cha chini cha kura za kuingilia. Jimbo la viti 3 au 4 huwafungia nje wadogo hata bila kiwango chochote. Kiwango chenyewe, kama asilimia 5 ya Ujerumani, huwekwa ili bunge lisivunjike vipandevipande, na kikipandishwa sana huzitupa kura za watu wengi.

Anayetaka mbunge wake wa jimbo na uwiano pia, atazame New Zealand. Baada ya kura ya maoni ya mwaka 1993 walianza, mwaka 1996, kumpa mpiga kura kura mbili: moja ya mbunge wa jimbo, nyingine ya chama, na ile ya chama ndiyo inayosawazisha idadi ya viti.

Kamati yetu ya watu 15 ilikuwa na mapendekezo matatu. Tuliyashindanisha mawili mawili, na sasa kila upande unasema wengi walikuwa nao. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na huenda hakuna aliyesema uongo. Tuseme watano wanapenda A, kisha B, kisha C. Watano wanapenda B, kisha C, kisha A. Watano wanapenda C, kisha A, kisha B. Shindanisha A na B: A anashinda 10 kwa 5. B na C: B anashinda 10 kwa 5. C na A: C anashinda 10 kwa 5. Mnazunguka duara. Condorcet, mwanahisabati wa Kifaransa, alilieleza jambo hili mwaka 1785.

Hatari yake ni ya mwenye kupanga ajenda. Katika mfano huu, pendekezo linalowekwa kando hadi raundi ya mwisho ndilo linaloshinda kila mara. Mkianza na A na B, C anaibuka. Mkianza na B na C, A anaibuka. Basi kubalianeni kanuni na utaratibu kabla hamjajua nani anapenda nini. Njia rahisi ni kila mjumbe aandike mpangilio wake wote kwenye karatasi moja, matokeo ya kila jozi yasomwe hadharani, na kama kuna duara, kila mtu alione.

Kama wananchi ndio wenye nchi, kwa nini kila jambo lisiamuliwe kwa kura ya maoni?

Nchi iliyokwenda mbali zaidi kwa njia hiyo ni Uswisi. Sheria ikipita bungeni, wananchi wakikusanya saini 50,000 ndani ya siku 100, inapelekwa kwenye kura. Saini 100,000 ndani ya miezi 18 zinatosha kupendekeza badiliko la katiba, na hilo halipiti bila wingi wa wapiga kura pamoja na wingi wa kantoni, yaani majimbo yanayounda nchi hiyo. Ona kazi iliyobaki kwa bunge: sheria nyingi haziombewi kura kabisa. Kura ya maoni ni breki na kengele. Bajeti yenye mafungu mia haijibiki kwa ndiyo au hapana.

Na wapiga kura huwaamulia wasiokuwemo. Mwaka 1959 wanaume wa Uswisi walikataa kwa kura kuwapa wanawake haki ya kupiga kura kitaifa. Walikubali mwaka 1971. New Zealand ilikuwa imeshatoa haki hiyo bungeni mwaka 1893.

Kasoro nyingine iko kwenye akidi. Italia hutaka zaidi ya nusu ya waliojiandikisha washiriki ndipo kura ya kufuta sheria ihesabike. Chukua watu 100: 45 wanataka kufuta, 12 wanapinga, waliobaki hawajali. Wale 12 wakienda kituoni, waliohudhuria ni 57 na wanashindwa 45 kwa 12. Wakikaa nyumbani, waliohudhuria ni 45, kura ni batili, wameshinda. Kanuni inayomlipa mtu kwa kutopiga kura imekosewa. Afadhali kutaka kura za "ndiyo" zifikie sehemu fulani ya waliojiandikisha, kwa mfano robo, maana hapo mpinzani hana faida ya kukaa nyumbani.

Wahenga walisema wengi wape. Majaji wachache ambao hatukuwachagua wanapataje kufuta sheria iliyopitishwa na wabunge wetu?

Wengi wa leo si lazima wawe wengi wa kesho, na hapo ndipo penye jibu. Wingi ukiruhusiwa kufuta uchaguzi ujao, kufunga magazeti ya wapinzani au kuwanyima wachache kura, wananchi hawataweza tena kuwa wengi wa upande mwingine. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 17, aliyaita madaraka amana: aliyekabidhiwa hana ruhusa ya kuiuza wala kumfungia mlango mwenye mali. Mahakama hulinda mlango huo.

Marekani, Mahakama ya Juu ilijitwalia kazi hiyo katika hukumu ya mwaka 1803, ingawa katiba haikuitaja wazi. Austria ilichagua njia nyingine mwaka 1920, ikaunda mahakama maalumu ya katiba, na mtindo huo ndio ulioenea Ulaya.

Hofu yako hata hivyo ina msingi, kwa kuwa jaji naye ni mwenye madaraka. Kwa hiyo naye muulizie maswali matatu. Anateuliwa na nani? Ujerumani, majaji 16 wa mahakama ya katiba huchaguliwa nusu na kila baraza la bunge, kwa theluthi mbili, hivyo chama kimoja hakiwezi kujaza viti peke yake. Anakaa muda gani? Miaka 12, na harudi tena. Idadi ya majaji imeandikwa wapi? Hili hupita bila kuonekana. Marekani wako 9 kwa sheria ya kawaida ya mwaka 1869, na kikatiba wingi wa kawaida bungeni pamoja na saini ya rais vinatosha kuwafanya 13. Ukisoma rasimu yoyote ya katiba, itafute namba hiyo. Kama haimo, ombeni iandikwe kabla hamjajua ni chama gani kitakachoshinda.